Pikapu ya kuvuta karavani nzito: Ford, Ram na Chevrolet mbele ya mizani

Matangazo ya pikapu za Marekani yana namba moja inayopewa herufi kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni uwezo wa kuvuta. Ford F-150 ya 2024 yenye injini ya EcoBoost ya lita 3.5 inatangazwa kuvuta hadi pauni 13,500, yaani kilo 6,120 hivi. Mwenye karavani ya kilo 3,600 akiisoma namba hiyo anaona nafasi imebaki tele. Haijabaki. Pikapu itaivuta karavani hiyo, tena kwa kasi, lakini itakuwa imezidiwa mzigo kabla mtoto wa mwisho hajapanda.

Namba inayoamua iko kwingine. Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo yake. Kuna stika ya njano na nyeupe yenye taarifa za tairi, na ndani yake sentensi inayosema jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi kilo kadhaa. Imeandikwa kwa gari hilo hilo lililo mbele yako, pamoja na viti vya ngozi, paa la kioo, ngazi za umeme na kila pambo lililofungwa kiwandani. Ndiyo maana pikapu mbili za jina moja, injini moja na mwaka mmoja zinaweza kupishana kwa kilo mia mbili au tatu. Muuzaji akikutajia uwezo wa kubeba kwa kusoma kipeperushi, mwombe akupigie picha stika ya gari lenyewe. Akikataa, nenda kwa mwingine.

Hesabu ni hii. Karavani inayofungwa nyuma ya bampa, ikipakiwa sawasawa, huilalia pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Huo ndio uzito wa pua. Kwa karavani ya kilo 3,600 chukua asilimia 13, unapata kilo 468. Kiungo cha kugawa uzito, kinachorudisha sehemu ya uzito wa pua kwenye ekseli ya mbele, pamoja na boli (mpira wa chuma unaoshika tela) na vyuma vyake, ni kilo 45 hivi. Watu wanne ni kilo 300. Jumla ni 813, na hapo hakuna mbwa, jenereta wala sanduku la spana ndani ya bodi. Stika za pikapu za daraja la 1500 (nyepesi, kama F-150 na Ram 1500) zenye dabo kebini na mapambo mengi mara nyingi husoma kilo 650 hadi 800. Uwezo wa kubeba umekwisha huku uwezo wa kuvuta ukiwa umetumika kwa asilimia 60 tu.

Tena usianze hesabu kwa uzito ulio kwenye kipeperushi cha karavani. Huo ni wa karavani tupu: bila maji, bila gesi, na mara nyingi bila betri. Tangi la maji la lita 200 likijaa ni kilo 200. Mitungi miwili ya gesi ya pauni 30 ikijaa ni karibu kilo 50. Betri mbili za asidi, kilo 50 nyingine. Vyombo, matandiko, chakula, viti vya kukunja na mipira ya maji taka havikosi kilo 300. Karavani iliyotoka kiwandani na kilo 3,000 inafika 3,600 bila mtu kubeba kitu cha ajabu. Salama zaidi ni kutumia uzito wa juu kabisa ulioandikwa kwenye bamba la karavani yenyewe, kwa sababu baada ya misimu miwili ya kuongeza hiki na kile ndiko inakoelekea.

Namba ya kuvuta inapatikanaje

Si namba ya uongo. Watengenezaji wakubwa hufuata kanuni moja ya upimaji, SAE J2807, iliyotoka mwaka 2008. Toyota ilitangulia kuifuata kwa Tundra ya 2011; Ford, GM (mwenye Chevrolet) na Ram zilifuata miaka kadhaa baadaye. Sehemu ngumu ya kipimo ni mlima wa Davis Dam huko Arizona, kwenye barabara namba 68. Ni kilomita 18 za kupanda, joto likiwa nyuzi 38 au zaidi, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho, na pikapu haitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Zenye tairi dabo nyuma huruhusiwa kushuka hadi 56. Kuna pia kuondoka mara tano kwenye mwinuko wa asilimia 12, kwa kwenda mbele na kwa rivasi.

Pikapu iliyopita kipimo hiki imethibitisha rejeta, giaboksi na ekseli zake, na inastahili sifa. Lakini ndani ya kabini huhesabiwa watu wawili tu, kila mmoja kilo 68, na pua ya tela huhesabiwa kwa asilimia 10. Familia ya watu wanne na karavani yenye pua nzito haimo humo.

Upepo nao husahaulika. Ford huweka kwenye mwongozo wake wa kuvuta kikomo cha ukubwa wa uso wa tela unaokata upepo. Kwa F-150 yenye kifurushi cha kuvuta mizigo mizito, kikomo ni futi za mraba 60, karibu mita za mraba 5.6. Karavani yenye upana wa mita 2.4 na ukuta wa mita 2.7 ina mita za mraba 6.5. Tela bapa lililopakiwa matofali yenye uzito ule ule halisumbui hivyo. Ukali wa upepo hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda hukua kwa mchemraba. Kutoka kilomita 90 hadi 110 kwa saa, nguvu inayoliwa na upepo peke yake huongezeka kwa zaidi ya asilimia 80. Anayelalamika kwamba karavani inamaliza mafuta aanze na mguu wake wa kulia.

Daraja la 1500

F-150, Silverado 1500, Ram 1500 na Tundra ni magari mazuri ya kila siku na yanafaa karavani ya hadi kilo 2,700 iliyopakiwa. Zaidi ya hapo unaanza kubishana na stika. Anayetaka kubaki daraja hili na karavani ya kilo 3,000 atafute F-150 isiyo na mapambo, iliyoagizwa na kifurushi cha kubeba uzito mkubwa. Ni chache kwenye maegesho ya wauzaji, kwa kawaida huagizwa. Tundra ya kuanzia 2022 ina nguvu ya kutosha, hadi farasi 437 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 790 kwa ile ya mseto, lakini nyuma ina springi za koili na stika zake si za kujivunia. Mwaka 2024 Toyota ilirudisha karakana Tundra nyingi za 2022 na 2023 kwa sababu ya mabaki ya chuma cha kiwandani ndani ya injini. Ukinunua moja ya miaka hiyo, hakikisha kwa namba ya chasisi kwamba kazi hiyo imefanyika.

Shida nyingine ya daraja hili ni tairi. Nyingi hutoka kiwandani na tairi za gari dogo, zenye kuta laini. Karavani inapotikiswa na lori linalopita, ukuta wa tairi unajikunja kwanza, pikapu inasogea pembeni, na dereva anadhani kiungo ndicho kibovu. Kubadilisha na kufunga tairi za LT (za lori dogo) za daraja E, zenye kuta ngumu, kunatuliza gari waziwazi, ila hakuongezi hata kilo moja kwenye stika.

Petroli ya daraja la 2500, chaguo linalodharauliwa

Kwa karavani ya bampa ya kilo 3,200 hadi 4,500, daraja hili, zito kuliko la 1500, ndipo pa kuweka fedha. Watu wengi hurukia dizeli kwa sababu ya sauti na sifa, wakati pikapu ya petroli ya daraja hilo hilo inabeba zaidi, bei yake ya kununua iko chini, na haina mfumo mrefu wa kusafisha moshi.

Ford F-250 yenye V8 ya lita 7.3 ndiyo ninayoiweka mbele. Inatoa farasi 430 na Nm 658, giaboksi ni ya gia 10, na injini yenyewe ni ya kizamani kwa maana nzuri: kemshafti moja ndani ya bloku, fimbo za kusukuma valvu, hakuna turbo. Nafasi ya kufikia plagi ni kubwa. Ikiwa na dabo kebini na 4x4, stika yake mara nyingi husoma kilo 1,300 hadi 1,600. Kwa mfano wetu wa kilo 813, inabaki nusu tani ya kupakia unachotaka. Agiza difu yenye uwiano wa gia wa 4.30. Difu ya 3.55 itakupunguzia mafuta kidogo ukitembea mtupu, lakini inashusha uwezo wa kuvuta kwa kiasi kikubwa na kuifanya giaboksi ihangaike milimani.

Chevrolet Silverado 2500HD yenye V8 ya lita 6.6 ya petroli ina farasi 401 na Nm 629. Kuanzia 2024 imepewa giaboksi ya Allison ya gia 10 badala ya ile ya gia 6, na mabadiliko hayo yameigeuza kuwa gari lingine. Kabla ya hapo, pengo kati ya gia lilikuwa kubwa mno, injini ikipiga kelele kwenye gia moja na kukosa pumzi kwenye inayofuata. Mbele ina magurudumu yanayojitegemea, kwa hiyo usukani umetulia kuliko Ford na Ram zenye ekseli moja nzima mbele. Kwa anayekaa nyuma ya usukani saa nane kwa siku, hilo ni jambo kubwa. Ram 2500 yenye injini ya Hemi ya lita 6.4 ina raha kuliko zote ndani ya kabini, ila toki yake ya Nm 582 ndiyo ndogo kati ya hizi tatu, na mlimani utaiona.

Udhaifu wa petroli isiyo na turbo ni kimo. Injini hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Handaki la Eisenhower kwenye barabara ya I-70, Colorado, liko mita 3,400 juu ya bahari. Pale theluthi moja ya nguvu imeondoka, na farasi 430 wamebaki 285 hivi. Je, wanatosha? Pikapu na karavani vyenye jumla ya kilo 7,140, kwenye mwinuko wa asilimia 7, vinahitaji farasi 210 hivi kutoka kwa injini ili kwenda kilomita 72 kwa saa, na karibu 285 ili kwenda 90. Kwa hiyo utafika juu, kwenye njia ya kulia, injini ikizunguka mara 4,500 hadi 5,000 kwa dakika. Mzunguko huo hauiumizi. Imetengenezwa kutoa nguvu yake pale. Kinachoumiza ni dereva kuilazimisha ibaki gia ya juu kwa kuogopa kelele, giaboksi inapata moto na mafuta yake yanaungua.

Dizeli, na lini inalipa

Namba za dizeli zinavutia. Power Stroke ya Ford ya lita 6.7 kuanzia 2023 ina farasi 475 na Nm 1,424, na ile ya nguvu zaidi farasi 500 na Nm 1,627. Duramax ya Chevrolet ya lita 6.6 kuanzia 2024 ina farasi 470 na Nm 1,322. Cummins ya Ram ya lita 6.7 ya 2025 ina farasi 430 na Nm 1,458, sasa ikiwa na giaboksi ya ZF ya gia 8. Toki yote hiyo inapatikana kwenye mizunguko 1,600 hadi 1,800, na turbo haijali kimo kama petroli inavyojali.

Ila thamani kubwa ya dizeli iko kwenye kushuka. Kushuka asilimia 7 kwa kilomita 72 kwa saa na kilo 7,140, mlima unakusukuma kwa nguvu ya karibu kilowati 98, mfululizo, dakika hata dakika. Breki zikibeba zote, diski zinapata moto, pedi zinapoteza mshiko, na pedali inaanza kuzama. Egzosi breki ya dizeli inabana hewa ya injini kwa kutumia turbo na kuizuia pikapu bila kugusa pedi. Petroli nayo inashikilia kwa gia, inapiga kelele, na unahitaji kugusa breki mara kwa mara: bonyeza kwa nguvu kwa sekunde chache mpaka kasi ishuke kilomita 10, achia kabisa, rudia. Kuweka mguu juu ya pedali kwa wepesi muda wote ndiko kunakochoma breki.

Gharama yake sasa. Injini ya dizeli na vifaa vyake huongeza kilo 200 hadi 300, na zote zinatolewa kwenye stika. Ram 2500 ya Cummins ni mfano unaopaswa kujulikana na kila mnunuzi: uzito wake wa juu ukiwa umepakiwa umewekwa pauni 10,000, yaani kilo 4,536, na ikiwa na dabo kebini na mapambo stika yake mara nyingi inasoma karibu kilo 900. Inatangazwa kuvuta takriban tani 9. Chukua karavani ya shingo, ile inayofungwa ndani ya bodi juu ya ekseli ya nyuma, ya kilo 6,000. Karavani hizo huweka asilimia 20 au zaidi ya uzito wake juu ya pikapu: kilo 1,200. Gari linaloweza kuvuta tani 9 kwenye karatasi limeshindwa kubeba pua ya karavani ya tani 6, na dereva bado hajaketi.

Sababu ya pauni 10,000 ni ya kisheria zaidi kuliko ya chuma. Sheria za shirikisho za Marekani huanza kulihesabu gari la kazi kuwa la kibiashara kuanzia pauni 10,001, na majimbo kadhaa hupandisha ada za usajili hapo hapo. Ram 3500 yenye tairi moja moja nyuma inafanana sana na 2500, ila nyuma ina springi za bapa badala ya koili, na uzito wake wa juu unaweza kufika pauni 12,300. Tofauti ya kuendesha ni ndogo: ikiwa tupu inaruka kidogo zaidi kwenye mashimo. Tofauti ya kubeba ni karibu mara mbili. Anayenunua dizeli kwa ajili ya karavani ya shingo kisha akachukua 2500 amelipia injini na kukosa springi. Silverado 2500HD ya dizeli iko katikati, uzito wake wa juu umepita pauni 11,000, kwa hiyo inastahili kuangaliwa na mwenye karavani nzito ya bampa anayeishi milimani.

Kwa karavani ya shingo ya kilo 5,000 hadi 6,000, chagua Ram 3500, F-350 au Silverado 3500HD yenye tairi moja moja, kisha piga hesabu upya: pua 1,200, kiungo cha ndani ya bodi kilo 80, watu 300, tayari 1,580. Stika isome 1,700 kwenda juu. Karavani ikipita kilo 6,500, nenda pikapu ya tairi dabo bila kubishana; uzito wa juu wa pikapu hizo ni pauni 14,000, na upana wa nyuma unazuia kuyumba kuliko kifaa chochote cha kuongeza. Mifuko ya hewa juu ya ekseli inanyanyua matako ya gari yaonekane sawa. Haibadilishi ekseli, tairi, breki wala stika.

Kuhusu uimara, kitu cha kuuliza kwenye dizeli yoyote iliyotumika ni pampu ya shinikizo. Bosch CP4 inategemea dizeli yenyewe kujilainisha; ikila maji au dizeli kavu isiyolainisha, inasagika na kusambaza vumbi la chuma mpaka kwenye nozeli, na mfumo mzima hubadilishwa. Ilitumika kwenye Duramax za 2011 hadi 2016, kwenye Power Stroke ya 6.7, na kwenye Ram za 2019 na 2020 ambazo zilirudishwa karakana na kupewa pampu ya zamani ya CP3. Duramax za kuanzia 2017 hutumia pampu ya Denso. Mwenye CP4 abadilishe filta za dizeli kwa wakati, amwage maji kwenye kikombe cha filta, na asijaze kituo ambacho tangi lake ndio kwanza linajazwa na lori.

Mfumo wa kusafisha moshi unataka safari ndefu zenye joto, na kuvuta karavani ndicho kitu unachokipenda. Kinachouziba ni safari za dakika kumi za kwenda dukani na kuacha injini iungurume kambini kwa saa nzima. Anayetumia pikapu hiyo hiyo mjini wiki nzima na kuvuta mara nne kwa mwaka achukue petroli.

Kwenye mizani

Pikapu ikishanunuliwa, siku ya kwanza ya kuvuta ipite mizani ya malori. Marekani mizani za CAT Scale ziko kwenye vituo vingi vya malori, na zinapima ekseli ya mbele, ya nyuma na tela kila moja peke yake. Pima mara tatu, matangi na watu wakiwa kama mtakavyosafiri. Mfano wa namba, kwa kilo, za pikapu ya petroli na karavani yetu:

Pikapu peke yake: mbele 2,040, nyuma 1,500.
Na karavani, vyuma vya kugawa uzito havijafungwa: mbele 1,880, nyuma 2,140, tela 3,120.
Na karavani, vyuma vimefungwa: mbele 1,970, nyuma 1,990, tela 3,180.

Uzito wa pua ni pikapu ya mstari wa pili ukitoa ya mstari wa kwanza: 4,020 kutoa 3,540, kilo 480. Karavani nzima ni 480 na 3,120, jumla 3,600. Pua ni asilimia 13.3, pazuri. Ikiwa chini ya asilimia 10, hamisha mizigo mizito mbele ya ekseli za karavani kabla ya kutembea hata kilomita moja, maana pua nyepesi ndiyo inayoanzisha mkia kupiga huku na huku. Maji ya kwenye tangi la nyuma ni mtuhumiwa wa kawaida.

Sasa angalia ekseli ya mbele. Ilipoteza kilo 160 karavani ilipofungwa, na vyuma vikarudisha 90, zaidi ya nusu. Watengenezaji wengi wanataka nusu hivi irudi, na kila kitabu cha gari kina kiwango chake. Usikaze vyuma mpaka mbele irudi yote. Ekseli ya nyuma inabaki nyepesi mno na kwenye mvua nyuma ya pikapu inateleza kwenye kona. Kama mizani iko mbali, pima kwa futi kamba kutoka ardhini mpaka ukingo wa bodi juu ya gurudumu la mbele, kabla na baada. Mwelekeo ni ule ule.

Nati ya boli inakazwa kwa spana ya kupimia. Boli la inchi 2 na 5/16 lenye shina la inchi 1 na robo linahitaji karibu Nm 600, kiasi ambacho spana ya kawaida ya mkono haikifikii. Boli lililokazwa kwa kukisia hulegea ndani ya maili mia chache na kula tundu lake. Breki za umeme za karavani rekebisha kwenye uwanja tambarare: tembea kilomita 40 kwa saa, bana swichi ya mkono, ongeza nguvu mpaka tairi za karavani zianze kujifunga, kisha rudi nyuma kidogo. Rudia breki zikiwa na joto, kwani zikiwa baridi hushika tofauti.

Urefu wa bodi, na zilizotumika

Karavani ya shingo na bodi fupi ya futi 6 na inchi 9 haziivi chungu kimoja. Kwenye kona ya nyuzi 90 wakati wa kurudi nyuma, pembe ya karavani inafika kwenye kioo cha kabini. Kuna viungo vinavyoteleza kurudi nyuma kwa ajili hiyo, vinaongeza uzito na kazi. Bodi ya futi 8 inaondoa tatizo lote, na urefu wa ziada kati ya ekseli unatuliza hata karavani ya bampa. Gharama yake ni maegesho.

Kwa pikapu iliyotumika, lala chini kwanza. Angalia kama springi za nyuma zimelala zikiwa tupu, kama tundu la kuingizia kiungo limepanuka au kupasuka kwenye weldi, na kama sakafu ya bodi ina matundu yaliyozibwa, dalili kwamba ilivuta karavani ya shingo. Chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi kama kipo: mafuta ya kahawia yenye harufu ya kuungua yanasimulia milima iliyopandwa kwa gia isiyofaa. Kwenye Ford na Ram, mwambie mtu atikise usukani kushoto na kulia injini ikiwa inawaka, wewe ukiangalia chuma kirefu kinachounganisha ekseli ya mbele na chasisi. Bushi zake zikicheza, kwa kasi ya kilomita 90 usukani mzima utatetemeka ukipita kwenye kiungio cha daraja. Mwisho soma namba nne za mwisho za alama ya DOT (tarehe ya kutengenezwa) ubavuni mwa kila tairi, pamoja na la akiba. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za zaidi ya miaka sita, hata zikiwa na kashata nene, ziingize kwenye bei kama za kubadilisha.